Shilly-shally: Swali Lililogeuka Kejeli

Kiingereza kina maneno mengi ya kumtaja mtu asiyejua afanye nini, na mengi kati ya hayo yana asili ya heshima: yametoka Kilatini, mengine yamepitia Ufaransa, na yanaweza kuandikwa katika hukumu ya mahakama au katika ripoti ya daktari bila mtu yeyote kucheka. Lipo moja ambalo haliwezi kuingia humo likabaki na uso mkavu. Neno hilo ni shilly-shally, na matamshi yake yako karibu sana na jinsi Mswahili angeliandika kwa sikio lake, yaani shili-shali. Maana yake ni kusitasita, kusuasua, kushindwa kukata shauri pale ambapo shauri linapaswa kukatwa, na mara nyingi hutumika kwa mtu ambaye wenzake wamekwisha kuchoka kumsubiri. Nimelipenda kwa muda mrefu kwa sababu lina sauti ya mtu ndani yake. Maneno mengine humtazama mwenye kusita kutoka nje, yakaeleza anavyoyumba au anavyotetemeka. Hili limeyachukua maneno yaliyokuwa yakimtoka kinywani, likayapinda kidogo, kisha likamrudishia yawe jina la tabia yake.

Maneno hayo yalikuwa "shall I?", swali ambalo Mwingereza hujiuliza anapotaka kujua kama afanye jambo au la. Kiswahili hakihangaiki kulipata, kwa sababu kina umbo lake lililo tayari: nifanye? niende? nimwambie? Irabu ya mwisho ya kitenzi inageuka kuwa e, na hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba jambo halijatokea na kwamba msemaji anaomba ruhusa, iwe kwa mtu mwingine au kwa nafsi yake. Kiingereza hulifanya hilo kwa maneno mawili, na katika karne ya 17 watu walikuwa tayari wakisema juu ya fulani kwamba amesimama "shall I, shall I", yaani yuko pale pale akijiuliza nifanye, nifanye, wala hafanyi. Kitenzi kilichoambatana na maneno hayo, kusimama, kinastahili kuangaliwa. Mtu huyu hakuwa ameketi akitafakari, wala hakuwa njiani akitembea polepole. Alikuwa wima, amekwisha kujiandaa, na hakuondoka.

Mahali ambapo neno limenaswa vizuri kuliko kwingine ni jukwaani. Mwezi Machi 1700, katika ukumbi wa Lincoln's Inn Fields jijini London, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tamthilia ya William Congreve iitwayo The Way of the World. Congreve alikuwa na umri wa miaka 30 na jina lake lilikuwa limekwisha kuvuma. Hii ndiyo ikawa tamthilia yake kubwa ya mwisho ya kuchekesha. Ndani yake yumo Sir Wilfull Witwoud, bwana wa mashambani aliyevuka miaka arobaini, ambaye amefika mjini na buti zake za safari akiwa na nia ya kwenda kuona nchi za ng'ambo. Watu wa mjini, wenye maneno laini na mavazi ya gharama, wanamwuliza kama ni kweli anasafiri.

Jibu lake ni la kusomwa polepole. Anasema kwamba huenda akaenda na huenda asiende. Yeye, anaeleza, ni mwangalifu sana katika kufanya uamuzi, kwa sababu akishauamua hauachi. Yeye si mtu wa kusimama "shill I, shall I"; akisema atafanya, basi atafanya. Kisha, kabla hata ya kuvuta pumzi, anaongeza kwamba hata hivyo anafikiria kubaki mjini kwa muda kidogo, ajifunze namna yao ya kuzungumza kabla ya kuvuka bahari. Congreve ameliweka kanusho katikati ya mashaka mawili, kama nyama kati ya vipande vya mkate, na mhusika mwenyewe hana habari. Anatamba kwamba hasiti, huku sentensi iliyotangulia na ile inayofuata zote zinasita. Sijui njia bora zaidi ya kulifafanua neno kuliko kumpa mtu alitumie kwa kulikana namna hiyo.

Na mwandishi hakuridhika na hapo. Katika sehemu ya nne ya tamthilia, shangazi yake anataka amchumbie binti mmoja wa mjini, binamu yake Millamant, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko wanaume wote waliomo. Sir Wilfull anasukumwa aingie chumbani alimo binti huyo, na papo hapo anakumbuka kwamba amesahau glavu zake na kwamba itambidi azifuate. Anageuka kwenda mlangoni na kukuta umefungwa kwa nje. Ndugu yake aliyemwingiza amegeuza ufunguo. Anabembeleza afunguliwe. Halafu, kwa kuwa hana pa kupita, anaanza kuzungumza, na badala ya kutaja ndoa anauliza kama binamu yake angependa kutoka kwenda kutembea jioni hiyo. Binamu hapendi kutembea. Hapo mazungumzo yanafifia, na yeye anafurahi kupata ruhusa ya kuondoka bila kuwa amesema alichotumwa kusema. Yule aliyetangaza kwamba hasimami "shill I, shall I" ameonekana amesimama hivyo hivyo, na mlango uliofungwa ndio uliomfichua. Niseme pia, kwa haki yake, kwamba katika tamthilia iliyojaa watu wajanja na waongo, huyu mshamba mwenye kusita ni miongoni mwa wachache ambao mtu angependa kuwa naye jirani.

Kati ya "shall I, shall I" ya karne ya 17 na "shill I, shall I" ya Sir Wilfull kuna badiliko la irabu moja tu: a ya kwanza imekuwa i. Badiliko hilo halina sababu ya kisarufi. Umbo shill halikuwa na maana yake yenyewe pale, wala halikuwa wakati mwingine wa kitenzi; lilizaliwa kwa ajili ya mlio. Kiingereza kina desturi ya kurudufisha neno kwa kulibadilisha irabu, na desturi hiyo ina mpangilio ambao hakuna anayefundishwa lakini kila mzawa wa lugha anaufuata: i hutangulia, kisha hufuata a au o. Ndiyo maana wao husema zigzag, tick-tock, ping-pong, wishy-washy na flip-flop, na hakuna anayeanzia upande wa pili. Ulimi huanza juu na mbele ya kinywa, taya zikiwa karibu kukutana, kisha kinywa hufunguka. Mtu anayerudia neno kwa mtindo huo hutoa sauti ya kitu kinachokwenda na kurudi bila kufika.

Kiswahili nacho hurudufisha, tena kwa jambo hili hili: kusitasita, kusuasua, kuyumbayumba, kutangatanga. Lakini sisi hulirudia shina zima bila kuligusa, na marudio hayo humwambia msikilizaji kwamba tendo linafanyika vipande vipande na halifiki mahali. Hakuna kejeli ya lazima ndani ya kusitasita. Mgonjwa anayeogopa kufanyiwa upasuaji anaweza kusemwa kuwa anasitasita, na msemaji akawa anamhurumia. Urudufishaji wa Kiingereza, pale irabu inapobadilishwa, unaelekea kuongeza dhihaka. Mtu anayesema "shall I, shall I" bado ana swali lake. Mtu anayesema "shill I, shall I" anamwigiza mwenzake mwenye swali, ameyachukua maneno ya mwenzake na kuyatolea puani, kama watoto wanavyofanya wanapotaka kumkasirisha mwenzao aliyeanza kulalamika. Kwa maoni yangu, neno lilizaliwa hapo hasa, katika kinywa cha mtazamaji asiye na subira, na ndiyo sababu hadi leo halikai vizuri penye huruma.

Miaka michache baada ya Congreve, Richard Steele naye alilitumia katika tamthilia yake ya kuchekesha, ambamo mhusika anauliza kwa nini asimame akisitasita kama mshamba wakati anaweza kuoa mara moja. Yanafanana mno kuwa ni sadfa tupu: mara zote mbili kuna ndoa, mara zote mbili kuna ushamba, na mara zote mbili neno linatajwa na mtu anayelikataa. Watu wa London wa wakati ule walikuwa na mazoea ya kumcheka mtu wa mashambani kwa kukosa wepesi wa kuamua, na neno hili lilikuwa mojawapo ya silaha zao ndogo.

Mwaka 1755 Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake kubwa ya Kiingereza, aliliingiza neno humo, bado likiwa limeandikwa kama sentensi iliyounganishwa kwa vistari: shill-I-shall-I. Alilieleza kuwa ni marudio yaliyoharibika ya swali "shall I", kwamba ni swali la mtu anayesita, na kwamba kusimama hivyo ni kuendelea kusita na kuahirisha. Kwa ushahidi alinukuu maneno yale yale ya Sir Wilfull. Sikubaliani naye kwa mambo mawili. La kwanza ni hilo la kuharibika, kwa maana swali la kawaida lilipogeuzwa irabu lilipata kazi ambayo halikuwa nayo kabla, na kitu kilichoongezewa kazi ni vigumu kukiita kibovu. La pili ni kule kuunganisha kusita na kuahirisha kana kwamba ni jambo moja. Kitenzi cha Kiingereza cha kuahirisha, procrastinate, kimejengwa juu ya neno la Kilatini cras, yaani kesho, na mwahirishaji ni mtu ambaye amekwisha kuamua. Kinachomshinda ni siku ya kuanza. Johnson mwenyewe alikuwa bingwa wa aina hiyo ya pili. Alitia saini mkataba wa kamusi mwaka 1746, akaamini kazi ingemchukua miaka 3, nayo ikamchukua karibu miaka 9. Hakuna wakati katika miaka hiyo ambapo alijiuliza kama aandike kamusi au asiandike. Alichelewa, na kuchelewa kuna maneno yake.

Ili kuona upekee wa shilly-shally ni vizuri kuyatazama majirani zake, ingawa kwa haraka, kwani mengi yao yana hadithi fupi. Vacillate limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuyumba, kama mtu anayeelekea kuanguka. Hesitate limetokana na kitenzi kingine cha Kilatini chenye maana ya kukwama, na Warumi walikitumia pia kwa ulimi unaonasa katikati ya neno, jambo ambalo sisi huliita kigugumizi. Nasi pia humsema mtu kwamba amepata kigugumizi katika kuamua. Dither ni la wenyeji, kutoka lahaja za kaskazini mwa Uingereza, na hapo mwanzo lilimaanisha kutetemeka, ndipo katika karne ya 20 likazoeleka kwa mtu asiyeweza kuamua. Haya yote ni maneno ya mwili: miguu, ulimi, viungo. Anayeyatumia anasimama mbali na kumtazama mwenzake anavyohangaika.

Kundi la pili ni la hesabu, na hesabu yenyewe ni mbili. Doubt, yaani shaka, linarudi kwenye dubitare ya Kilatini, ambayo ni ya ukoo mmoja na duo, mbili. Kijerumani kinasema Zweifel, na mbili yao, zwei, inaonekana waziwazi mwanzoni mwa neno. Mwaka 1910 daktari wa akili wa Uswisi, Eugen Bleuler, alipohitaji jina la hali ya mtu anayevutwa na hisia mbili zinazopingana, aliliunda neno Ambivalenz kutoka Kilatini, ambamo ambi ni pande zote mbili. Kiingereza kikalichukua kama ambivalence, na leo linatumiwa hata na watu ambao hawajawahi kumwona daktari wa akili. Katika maneno haya yote mwenye kusita amesimama mahali ambapo njia zinaachana.

Picha hiyo ndiyo maarufu kuliko zote, na wanafalsafa wamemfuga punda kwa ajili yake. Punda huyo hupewa jina la Jean Buridan, mwalimu wa Paris wa karne ya 14: amewekwa katikati ya marundo mawili ya nyasi yaliyo sawa kwa kila hali na yaliyo mbali naye kwa umbali ule ule, na kwa kuwa hana sababu ya kuchagua moja kuliko jingine, anakufa kwa njaa. Punda mwenyewe haonekani katika maandishi ya Buridan yaliyobaki. Muda mrefu kabla yake, Aristotle alikuwa ametaja mtu mwenye njaa na kiu za kulingana, aliyesimama kati ya chakula na kinywaji. Waswahili hawakuhitaji marundo yaliyopimwa kwa rula. Njia mbili zilimshinda fisi, basi, na fisi alikuwa na haraka kuliko punda, kwa hiyo alipasuka badala ya kufa njaa.

Neno letu halimo katika kundi hili. Ni rahisi kudhani kwamba shilly ni upande mmoja na shally ni upande wa pili, kwamba moja kati ya hizo nusu mbili lazima iwe kanusho lililochakaa, nifanye na nisifanye. Kwa Mswahili dhana hiyo inakuja kirahisi zaidi, kwa sababu sisi husema niende nisiende, nile nisile, na pande zote mbili huonekana. Lakini chimbuko lake halina kanusho popote. Ni "shall I" na tena "shall I": nifanye, nifanye. Swali ni moja, na kinachofuata baada yake ni lile lile.

Nadhani hapo pana uchunguzi wa kweli kuhusu kusita, tena wenye ukali kuliko ule wa punda. Mfikirie mtu aliyeandika barua ya kuacha kazi. Barua imekamilika, imeambatishwa kwenye baruapepe, anwani ya mpokeaji imewekwa, na kidole kiko juu ya kitufe cha kutuma. Anaisoma tena aya ya pili. Anaibadilisha "ningependa kuwajulisha" iwe "napenda kuwajulisha", anaitazama, anairudisha ilivyokuwa. Anakagua tarehe ambayo amekwisha kuikagua. Ukimwuliza kwa wakati huo anachopima ni nini, hatakuwa na marundo mawili ya kukuonyesha. Sababu za kubaki alizimaliza zamani. Ndiyo maana barua imeandikwa. Kilichopo kichwani ni kitenzi kimoja chenye irabu e mwishoni, nitume, na baada ya kusoma aya ya pili kwa mara nyingine, nitume. Hakuna upande wa pili unaomvuta. Kuna swali ambalo amelizoea kiasi kwamba kuliuliza kumekuwa shughuli yenyewe, na shughuli hiyo inaweza kuchukua mchana mzima. Sir Wilfull naye, pale mlangoni, hakuwa akichagua kati ya wanawake wawili wala kati ya ndoa na ukapera. Alikuwa akitafuta glavu.

Kuna neno jingine la Kiingereza linalofanana na hili kwa mlio kiasi cha kuchukuliwa kuwa ndugu yake, nalo ni willy-nilly. Mama yake ni maneno "will I, nill I", ambapo nill ni kitenzi cha zamani kilichokwisha kutoweka, kilichoundwa kwa kuunganisha kanusho na will, yaani kutotaka. Maana yake ya kwanza ilikuwa ile ile ya atake asitake, upende usipende, na ulinganifu wa maumbo hayo na yetu ni mkubwa mno hata mtu anatamani kushuku kwamba lugha ziliibiana, jambo ambalo bila shaka halikutokea. Shakespeare alimpa maneno hayo mchimba kaburi katika Hamlet, tamthilia iliyoandikwa takriban mwaka 1600: mtu akiyaendea maji akazama, asema mchimba kaburi, ni kwamba "will he, nill he", atake asitake, ameenda yeye. Inachekesha kidogo kwamba tamthilia inayotajwa kila mara watu wanapozungumzia kushindwa kuamua ndiyo yenye maneno hayo, na kwamba anayeyasema ndiye mtu mwenye mashaka machache kuliko wote, akiwa amesimama ndani ya shimo na koleo lake. Leo wengi hulitumia willy-nilly kwa maana ya ovyo ovyo, bila mpango, na maana ya kwanza inazidi kupungua. Lakini tofauti ya maneno haya mawili bado iko wazi kwa anayetaka kuiona. Willy-nilly lina pande zote mbili, kutaka na kutotaka, na jambo linafanyika hata hivyo. Shilly-shally lina upande mmoja tu, na hakuna kinachofanyika.

Tofauti nyingine imo katika vitenzi vyenyewe. Will ni kutaka. Shall, kwa asili yake, ni deni. Katika Kiingereza cha kale kiliandikwa sceal na kilimaanisha nawiwa, nadaiwa. Katika tafsiri ya Injili ya mwishoni mwa karne ya 10, kwenye sura ya 18 ya Mathayo, yule mtumwa aliyesamehewa deni kubwa anapomkaba mwenzake koo kwa sababu ya deni dogo, anamwambia alipe kile ambacho scealt, yaani anachowiwa. Kijerumani bado kina Schuld, ambalo ni deni na pia ni hatia. Kutoka deni kitenzi kiliingia katika wajibu, kwa kuwa anayewiwa amepaswa, na kutoka wajibu kikateleza hadi kuwa alama ya wakati ujao. Katika mazungumzo ya kila siku shall inazidi kudhoofika. Imebaki katika mikataba na sheria, ambako wajibu bado una uzito, na huko Uingereza imebaki hai hasa katika maswali, mtu anapouliza kama afungue dirisha au kama tuondoke sasa.

Kwa hiyo aliyesimama akijiuliza "shall I, shall I" hapo zamani hakuwa akijiuliza anataka nini. Alikuwa akijiuliza ana deni gani. Sitaki kuliongezea neno uzito kupita kiasi, maana wasemaji wa mwaka 1700 hawakuwa wakisikia deni la karne ya 10 ndani ya sentensi zao, kama sisi tusivyosikia Kiarabu kila tunaposema lazima. Hata hivyo naona kwamba swali lilichukua njia inayoeleweka. Swali la kutaka hujibika kwa kujitazama, na hujibika upesi. Swali la kupaswa linahitaji mtu wa pili, mwenye kutoa ruhusa au kutoa amri, na anayejiuliza peke yake chumbani hana mtu huyo.

Katika matumizi ya leo neno limezeeka kidogo, lakini halijafa. Wazazi hulitumia, na wanasiasa wa Uingereza hulitupiana bungeni pale upande mmoja unapotaka kuuonyesha mwingine kuwa hauna msimamo, kwa sababu linaumiza bila kuvunja adabu. Huchanganywa na dilly-dally, ambalo ni la miguu zaidi, la mtoto anayejikokota njiani akiokota mawe. Mtu anaweza kujikokota akiwa anajua vizuri anakokwenda. Huchanganywa pia na waffle, ambalo Marekani ni kuyumba kimsimamo na Uingereza ni kusema mengi bila kusema kitu. Flip-flop, ambalo wapinzani wa John Kerry walimrushia katika uchaguzi wa urais wa Marekani wa mwaka 2004, ni kosa jingine kabisa, kwa kuwa linahitaji mtu awe ameamua kwanza, kisha akaamua kinyume. Mwenye shilly-shally hajawahi kufika huko.

Kilichobaki ni safari yake ya kisarufi, ambayo ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Hapo mwanzo maneno yalikuwa swali kamili lenye kiima chake. Baada ya kuambatana na kusimama yakawa kielezi, yakieleza namna ya kusimama. Katika karne ya 18 yakawa kivumishi na nomino, na kabla ya karne hiyo kwisha yakawa kitenzi chenye kunyumbulika kama vitenzi vingine. Njiani humo kiwakilishi cha nafsi ya kwanza kilipotea. Kiingereza huiandika I, yaani mimi, kwa herufi kubwa popote inapokaa katika sentensi, heshima ambayo hakimpi mtu mwingine yeyote, na ikisimama peke yake hutamkwa ai. Congreve na Johnson bado waliiandika kwa herufi kubwa, mara mbili ndani ya neno moja. Kisha mkazo uliondoka juu yake, sauti ikafupika kuwa i, herufi ikashuka kuwa y ndogo, na mkia huo ukaanza kusikika kama mwisho wa kawaida wa vivumishi vya Kiingereza, wala mimi wawili waliofichwa humo hawakuonekana tena. Ndiyo maana Mwingereza anaweza leo kusema kwamba waziri shilly-shallied kwa miezi kadhaa, akiwa na nafsi ya tatu mwanzoni mwa sentensi, nafsi ya kwanza mara mbili ndani ya kitenzi, na alama ya wakati uliopita imebandikwa juu ya kiwakilishi. Kwa Kiswahili ingekuwa kama kusema waziri aliniendeniende, tukaiacha ni- ikae humo bila mtu kuuliza ni nani huyo anayetaka kwenda.